Je, wajua kwa nini Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani?

Kila aliyewahi kusoma Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, amekutana na swali hili, kama si katika mtihani basi barazani: kwa nini nchi yenye mfalme, mawaziri, jela na raia ining'inie angani, isiwe na ardhi ya kukanyaga? Jibu tulilolikariri wengi ni kwamba mwandishi aliihofia serikali ya Waingereza, kwa hiyo lawama zake akazipeleka mahali ambapo mkono wa serikali haufiki. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Hofu yaweza kutueleza kwa nini mtu alificha. Haitwelezi kwa nini alificha kwa namna ile. Ukitaka kuijua namna, huna budi kuuliza mtu huyu alikuwa akishinda wapi tangu asubuhi hadi jioni.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, jirani na Machui, nje kidogo ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922, na mwaka 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya hadi 1944 katika vituo mbalimbali, Pangani kikiwa kimojawapo. Mwaka 1946 alirudi Tanga na kuingia ofisi ya wilaya, na mwaka 1952 akahamia ofisi ya upimaji wa ardhi, alikokaa hadi 1960. Alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Maisha yake ya kazi, basi, yalipita yote mezani pa serikali ya kikoloni, na kalamu iliyomlisha ilikuwa ya karani kabla ya kuwa ya mshairi.

Sasa turudi angani. Mwanzoni mwa kitabu mwandishi anaitaja mipaka ya Kusadikika, na mipaka hiyo si mito wala milima, bali ni pepo: mashariki Matlai, magharibi Umande, kaskazini Kaskazi, na kusini Kusi. Msomaji wa bara huenda akayapita maneno haya akidhani ni madoido ya kishairi. Msomaji wa Tanga au Pangani hawezi kuyapita hivyo, kwa sababu hayo ndiyo majina ambayo nahodha na mvuvi huyataja kila siku. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, nao ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili au Mei, na ndio uliokuwa ukiyarudisha kwao. Umande ni ule upepo mwanana utokao bara alfajiri, ambao mwenye ngalawa huudoea ili atoke nje kabla jua halijapanda. Karani wa forodha hahitaji kuwa baharia ili ayajue haya. Chombo kikitia nanga, yeye ndiye anayepaswa kuandika kimetoka wapi, kimepakia nini na kinadaiwa ushuru gani, na wingi wa kazi yake hufuata upepo uliopo. Kwa miaka 18 mtu huyu alizihesabu pepo kwa njia ya shehena. Alipotaka kuiumba nchi isiyokuwepo, aliizungushia mipaka aliyoijua.

Nimewahi kumsikia mtu akidai kwa uhakika kwamba mipaka ile ni matunda ya kazi yake ya upimaji wa ardhi. Dai ni zuri, lakini miaka inalikataa: kitabu kilitoka 1951, naye aliingia upimaji 1952. Anayesoma kazi kwa kupitia maisha ya mtunzi na awe mwangalifu na tarehe, vinginevyo atamshonea marehemu kanzu isiyo yake.

Ofisi iliyomhusu alipokitoa kitabu hicho ni ile ya wilaya. Huko ndiko watu walikokwenda na madai, malalamiko na maombi yao, na makarani wakayaandika. Tazama jinsi Kusadikika ilivyojengwa: ni kesi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na badala ya kujitetea mwenyewe anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, ambao kila mmoja alirudi na mawazo ya manufaa akatupwa gerezani. Hadithi ndani ya hadithi ni mtindo wa Alfu Lela U Lela, ambayo Waswahili walikwisha kuisoma kwa lugha yao. Lakini mpangilio wa shtaka, utetezi, ushahidi wa safari na hukumu, kwa maoni yangu, unanukia wino wa ofisi. Tukumbuke pia kwamba Waafrika wa kwanza, wawili tu, waliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945. Kitabu kinachouliza kwa nini raia wasiijue sheria inayowahukumu hakikuwa na haja ya kumtaja Mwingereza. Na kwa kweli hakimtaji: mfalme na mawaziri wa Kusadikika ni Wasadikika wenyewe, jambo ambalo wale wenye jibu la hofu hulisahau.

Mlinganishe na mtunzi mwingine wa Tanga aliyemtangulia, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Yeye alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima kuhusu vita vya 1888 na 1889 kati ya watu wa pwani (Mrima) na Wajerumani (Wadachi), vita vilivyoishia kwa Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani, kunyongwa Pangani Desemba 1889. Utenzi wenyewe unabeba mwaka 1307 wa Hijria (1889 hadi 1890), yaani vumbi lilikuwa halijatua. Huyu hakuficha kitu: Wadachi wanaitwa Wadachi, na Mrima unaitwa Mrima, hata katika jina la utungo. Alikuwa mwanachuoni aliyeandika kwa hati za Kiarabu, na chombo chake kilikuwa utenzi, ambao husomwa kwa sauti mbele ya watu. Kanuni yake ni vipande vinne, kila kimoja mizani (silabi) nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Kwa mfano, ubeti huu nimeutunga mwenyewe:

Karani ana kalamu,
hesabu akihitimu,
moyo humjaa hamu,
shairi kuliandika.

Kina cha mwisho ndicho kinachomshika msikilizaji katika beti mamia, na ndiyo sababu habari ndefu za vita ziliweza kukaa vichwani mwa watu. Shaaban Robert aliurithi ufundi huo, akautumia kwa vita vikubwa vya 1939 hadi 1945 katika utenzi wa beti zipatazo 3,000. Aliutumia pia kwa jambo la nyumbani. Mkewe Amina alipofariki alimtungia shairi la maombolezo linalojulikana hadi leo, na wanawe aliwaandikia Utenzi wa Hati, wa binti, na Utenzi wa Adili, wa mvulana. Mzazi kumuusia mwanawe kwa utenzi si jambo jipya pwani, kwani mshairi Mwana Kupona alikwisha kumfanyia bintiye hivyo karibu miaka 90 kabla.

Jina Adili halikuishia hapo. Mwaka 1952 kilitoka Adili na Nduguze, kisa cha mtawala mwema ambaye kila usiku analazimika kuwachapa ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama kwa sababu ya husuda yao. Kiini cha kisa hicho kimo katika Alfu Lela U Lela, lakini humo wanaochapwa ni mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani. Sababu hakuiandika, nami sitamsemea. Ila yeyote aliyelima mihogo huko Machui anajua ni mnyama gani anayekaa juu ya mti akikungoja uondoke shambani, na hashangai hata kidogo kusikia kwamba ndugu mwenye husuda aligeuzwa yeye.