Dawa ya magugu iliyo mizizini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Mizizi ya mimea fulani hutoa sumu inayoua magugu yote

Sehemu kubwa ya kinachotoka mizizini si sumu. Ni sukari na asidi mbalimbali, chakula cha vijidudu wa udongo. Kemikali zinazozuia mimea mingine ni chache, nazo huchagua. Chukua mtama: vinyweleo vya mizizi yake hutoa matone ya mafuta yenye sogoleoni, kemikali inayovuruga usanisinuru. Wanaoumia zaidi ni miche michanga ya magugu yenye mbegu ndogo. Gugu lililokwisha komaa halishtuki sana, kwa hiyo anayetangaza kwamba mtama utamaliza kazi ya jembe anauza maneno.

Dhana: Kemikali nzuri ni ile inayozuia mbegu za gugu zisiote

Hapa ukweli umegeuka kichwa chini, maana kwa kiduha silaha bora ni kuzifanya mbegu ziote.

Kiduha ni gugu linalojishika kwenye mizizi ya mahindi, mtama na ulezi na kunyonya. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Haziamki ovyo. Husubiri strigolaktoni, kemikali ambayo nafaka yenye njaa ya fosforasi huitoa kwa wingi. Strigoli, ya kwanza kati yake, ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, na kwa muda mrefu haikueleweka kwa nini mmea umwite adui wake. Mwaka 2005 ndipo ikaonekana kuwa wito ule ni wa kuvu rafiki wanaousaidia kupata virutubisho. Kiduha anadukua tu.

Sasa panda desmodiamu, mmea wa malisho, kati ya mistari ya mahindi. Baadhi ya kemikali za mizizi yake huamsha mbegu za kiduha. Nyingine huzuia kijizizi cha kiduha kisikue na kujishika kwenye hindi. Mbegu imeshaamka, haina pa kunyonya, inakufa ndani ya siku chache. Msimu hadi msimu akiba ya mbegu udongoni inapungua, jambo ambalo kung'oa viduha vilivyokwisha chanua hakuwezi kulifanya.

Dhana: Hayo ni matokeo ya kivuli na rutuba tu

Swali la haki, kwa sababu desmodiamu ni jamii ya kunde: hufunika ardhi na kuongeza nitrojeni. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, awali waliipanda ili kufukuza vipekecha shina, viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi, katika mfumo wa vuta-sukuma, ambamo mmea mmoja hufukuza wadudu na mwingine huwavuta pembeni. Waliona viduha vikipungua na wakajiuliza hivyo hivyo. Maji yaliyopita kwenye vyungu vya desmodiamu yalipoelekezwa kwenye mahindi ya vyungu vingine, kiduha kilipungua bila kivuli chochote.

Dhana: Cha asili hakina madhara kwa mazao

Juglone, kemikali ya mti wa mjozi mweusi, ni ya asili, na nyanya zilizo karibu na mti huo hunyauka. Lusani (alfalfa), zao la malisho, hujidhuru yenyewe: ukiisia mbegu palepale ilipong'olewa lusani kuukuu, miche hudumaa.

Dhana: Kikifaulu maabara, shambani kimefaulu

Mbegu zilizolowekwa katika maji ya mizizi kwenye kisahani hazina pa kukimbilia. Udongoni kemikali hizohizo hunaswa na mfinyanzi na mboji, tena bakteria huzila. Ndiyo maana mimi huamini zaidi mmea hai unaozitoa kila siku kuliko chupa ya kunyunyizia mara moja.

Ila mmea hai nao unadai muda. Desmodiamu huanza polepole, na wiki za mwanzo yenyewe hupaliliwa kwa mkono, kwa uangalifu, isije ikang'olewa pamoja na magugu.