"Atahama akishafika": kauli inayowagharimu vijana wetu

Wiki iliyopita alinijia ofisini mzazi mmoja wa Wete, amevuka kwa boti pamoja na kijana wake, mkononi ana barua ya udahili wa stashahada ya utalii katika chuo kimoja cha Kanada. Kijana amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, na anachokitaka ni uhandisi wa umeme. Nilipouliza kwa nini basi barua ni ya utalii, mzee alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuhakikishiwa: "Maalim, wakala ametwambia aende tu na hii, akishafika atahama." Katika kazi hii ya kuwashauri wanafunzi wanaokwenda kusoma nje, hakuna kauli iliyonichosha na kunihuzunisha kama hiyo, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi.

Chanzo chake nakijua. Kanada iliwahi kumruhusu mwanafunzi wa elimu ya juu ahame chuo kwa kutoa taarifa tu kupitia akaunti yake ya mtandaoni, na waliofanya hivyo walikuja likizo wakasimulia. Tangu tarehe 8 Novemba 2024, anayehama chuo huko hana budi kuomba kibali kipya cha masomo na kukilipia, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Wakala anauza ushauri uliokwisha muda wake, na anayeulipia ni mzazi aliyeuza karafuu.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni watu kuchanganya viza na ruhusa ya kusoma. Kibandiko kilichomo ndani ya pasipoti kinakufikisha mpakani. Kinachokuweka darasani ni kitu kingine, na kitu hicho karibu kila mara kimefungwa kwa chuo kilichotajwa. Chukua Marekani. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani viza ya masomo, akihama kwa utaratibu anaweza kuendelea kuitumia viza ileile hadi imalize muda wake, ijapokuwa imeandikwa jina la chuo cha kwanza, naye halazimiki kurudi ubalozini Dar es Salaam kwa sababu hiyo tu. Jamaa zake wakiona hivyo, huhitimisha kwamba chuo si hoja. Wasichokiona ni kwamba kumbukumbu zake katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, zimehamishwa: amepata kwanza udahili wa chuo kipya, akamwarifu ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo cha zamani, wakakubaliana tarehe ya kuziachia kumbukumbu hizo, na ilipofika tarehe hiyo chuo kipya kikamtolea fomu yake ya I-20, inayothibitisha kuwa ni mwanafunzi wa chuo hicho. Tena masomo mapya yanapaswa kuanza ndani ya miezi 5. Anayeacha kuhudhuria kwanza, kisha akatafuta pa kuhamia, huwa ameshaipoteza hadhi yake ya mwanafunzi wakati kibandiko bado kinang'aa kwenye pasipoti, na mwenye hadhi iliyopotea hahamishwi kwa njia hiyo nyepesi.

Uingereza mambo ni magumu zaidi. Chuo kipya maana yake ni CAS mpya, yaani uthibitisho wa udahili unaotolewa na chuo kwa ajili ya viza, na ombi jipya la viza, na chuo unachokiacha kina wajibu wa kuitaarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ndani ya siku 10 za kazi. Hata kubadili kozi ndani ya chuo kilekile kuna masharti: isiwe ya ngazi ya chini kuliko ya kwanza, na iweze kumalizika ndani ya muda uliopewa. Malaysia utadaiwa barua ya kuachiliwa na chuo cha zamani. Kwa wenye ufadhili wa serikali ya China, kubadili chuo au fani kwa kawaida hakuruhusiwi kabisa. Mwenye mkopo au ufadhili wowote ausome mkataba wake kabla hajaandika barua hata moja.

Kuhusu masomo uliyokwisha kuyafaulu, siwezi kumpa mzazi uhakika anaoutaka. Chuo kipya ndicho kinachoamua kipokee lipi na kikatae lipi, na nimeona mwanafunzi wa mwaka wa tatu akirudishwa mwaka wa kwanza. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, vijana wetu waliokuwa Khartoum walirejea na begi moja, wengine bila ya transkripti, yaani hati ya matokeo ya masomo yao. Tangu hapo namsisitizia kila anayeondoka achukue transkripti kila muhula, pamoja na muhtasari wa kila somo wenye muhuri, na nakala azitume nyumbani. Zitamfaa pia mbele ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwani shahada iliyosomewa vyuo viwili inahitaji karatasi za vyuo vyote viwili.

Wala sisemi kwamba kuhama ni kosa. Binti mmoja aliyekuwa akisomea udaktari kwa ufadhili alinipigia simu akilia, akitaka kuhama fani. Nilimshauri avumilie kwa sababu ufadhili ungekatika, naye alivumilia, akamaliza. Kila nikikutana naye Darajani hunisalimu kwa heshima, nami hujiuliza kama niliulinda ufadhili wake nikasahau kumsikiliza.

Ndiyo maana kijana wa Wete nilimuuliza mwenyewe, mbele ya baba yake, angemjibu nini ofisa wa viza akiulizwa kwa nini ameuchagua utalii. Alinyamaza, kisha akasema, "Sitoweza kusema uongo, Maalim." Mzee aliitazama ile barua kwa muda, akaikunja. Tumeanza upya maombi ya uhandisi, kwa muhula wa Septemba, na tumekiandikia chuo cha kwanza kuomba amana irudishwe. Jibu bado halijafika.