"Ivy Ndogo" si tawi la Ivy League

Wazazi wengi wanaotafutia watoto vyuo Marekani huambiwa kwamba Amherst, Williams na Bowdoin ni "Ivy Ndogo", wakadhani ni daraja la pili la Ivy League, kundi la vyuo maarufu kama Harvard na Yale. Sivyo. Hilo ni jina la utani tu, wala hakuna ofisi inayoligawa.

Kilichopo ni ligi ya michezo iitwayo NESCAC (New England Small College Athletic Conference), iliyoanzishwa 1971. Mizizi yake ni makubaliano ya 1955 kati ya Amherst, Bowdoin, Wesleyan na Williams, vyuo vilivyotaka michezo isiyapiku masomo. Leo wanachama ni 11: hao wanne, pamoja na Bates, Colby, Connecticut College, Hamilton, Middlebury, Trinity na Tufts. Chuo cha Union, mmoja wa waanzilishi wa ligi ya 1971, alijitoa 1977. Connecticut College akaingia 1982. Na jina lenyewe la "New England", eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, lisikupoteze: Hamilton iko jimbo la New York, nje ya eneo hilo!

Ivy League nayo ni ligi ya michezo, yenye vyuo vinane, na mkataba wake rasmi ni wa 1954. Kwa hiyo hata hiyo "kubwa" haikuzaliwa kama orodha ya ubora wa elimu.

Tena uhasama wa uwanjani una umri kuzidi ligi zote mbili. Tarehe 1 Julai 1859, mjini Pittsfield, Massachusetts, Amherst iliifunga Williams 73 kwa 32, katika mechi ya kwanza ya besiboli kati ya vyuo. Sabini na tatu, ndiyo, hujasoma vibaya.