Harley Quinn na Poison Ivy: yanayosemwa na yaliyomo kwenye katuni

Watu wengi siku hizi wamewafahamu Harley Quinn na Poison Ivy, wahalifu wawili wa kike katika hadithi za Batman, kupitia vipande vifupi vya video mitandaoni. Vipande hivyo vimekatwa kutoka katuni mbalimbali, za miaka mbalimbali, vikaunganishwa kana kwamba ni hadithi moja. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Dhana: Harley alitoka kwenye komiki za Batman.

Alizaliwa kwenye televisheni. Paul Dini na Bruce Timm walimbuni kwa ajili ya *Batman: The Animated Series*, akaonekana kwa mara ya kwanza Septemba 1992 akiwa mpambe wa Joker, adui mkuu wa Batman. Alikusudiwa kutokea katika sehemu moja tu. Watazamaji wakampenda, akarudishwa, na komiki zikamfuata.

Dhana: Ivy alimchukua Harley ili amtumie, kama Joker alivyofanya.

Itazame vizuri sehemu ya Januari 1993 inayowakutanisha. Joker, ambaye Harley anampenda, anamfukuza baada ya wizi kwenda kombo. Harley, akitaka kuonyesha kwamba anaweza peke yake, anaingia kwenye jumba la makumbusho la Gotham, jiji la Batman, kuiba almasi. Usiku huohuo Ivy yumo humo, anaiba sumu za mimea. King'ora kinalia, na wote wawili wanatoroka kwa gari moja. Hakuna aliyemtafuta mwenzake.

Kinachofuata ndicho muhimu. Maficho ya Ivy yako kwenye dampo la taka zenye sumu, kwa hiyo anamchoma Harley sindano ya kumkinga. Joker alimfundisha Harley kutii. Ivy, siku ya kwanza tu, anampa kinga. Mwaka 1999 Harley alipoingizwa kwenye hadithi kuu za komiki za DC, kampuni inayomchapisha Batman, waandishi walilirudia jambo hilohilo: Joker anamtia kwenye roketi ili afe, na Ivy ndiye anayemuokota, kumtibu na kumpa dawa ya kumwongezea nguvu. Urafiki huu una tabibu na mgonjwa ndani yake, na wanaouita ushirika wa wezi wawili wanaikosa sehemu nzuri kuliko zote.

Dhana: alipompata Ivy, alimwacha Joker.

Laiti ingekuwa hivyo. Katika sehemu hiyohiyo ya 1993, wizi wao unashamiri, lakini Harley anamkumbuka Joker na kumpigia simu. Joker anaifuatilia simu hiyo hadi mafichoni, na wote wanaishia mikononi mwa polisi. Mwishoni Harley bado anaota kurudiana naye, na Ivy anamrushia tope usoni.

Katika sehemu ya mwaka 1994 Joker anataka kutoroka Gotham na kuiacha ilipuke kwa bomu la nyuklia. Harley anauliza: na Ivy je? Na fisi tunaowafuga? Joker hajali, na hapo ndipo Harley anapogeuka dhidi yake. Zingatia kwamba kilichomzindua ni rafiki, si nafsi yake. Hata hivyo sehemu inaisha wakikumbatiana. Katika *Mad Love* (komiki ya 1994, katuni ya 1999), Joker anamsukuma dirishani. Harley anaapa kuachana naye, kisha anaona ua moja lenye salamu za pole, na moyo unalainika.

Kwa hiyo usitafute siku moja ya kukombolewa. Waandishi walimchora mtu anayeondoka na kurudi, akiondoka mbali kidogo zaidi kila mara, na huo ndio ukweli wa mahusiano ya namna hiyo. Ukitaka kuuona mwendo huo, tazama kwa mpangilio wa miaka: 1993, 1994, kisha ile ya Krismasi ya 1997 ambamo wawili hao wanasherehekea bila Joker, kisha 1999.

Dhana: ni katuni, basi ni ya watoto.

Zile za miaka ya 1990, ndiyo. Katuni ya *Harley Quinn*, iliyoanza Novemba 2019, ina matusi na damu nyingi. Ni ya watu wazima. Pia ni hadithi mpya kabisa, si mwendelezo wa ile ya zamani.

Dhana: walikuwa wapenzi tangu mwanzo.

Katuni za miaka ya 1990 ziliwaonyesha kama marafiki. Mwaka 2015 waandishi wa komiki, Jimmy Palmiotti na Amanda Conner, walitamka wazi kwamba ni wapenzi. Katika katuni ya 2019 urafiki unatangulia kwa muda mrefu: Ivy ndiye anayepanga njama ya kumwonyesha Harley kwamba Joker hamjali, na baadaye Joker anamuua Ivy kabla hajafufuka. Busu la kwanza linakuja katika sehemu ya saba ya msimu wa pili, mwaka 2020, Ivy akiwa mchumba wa Kite Man, mhalifu mwingine. Harusi inavurugika, na wawili hao wanatoroka kwa gari moja, kama ule usiku wa almasi.