Afya ya Mwanafunzi Ughaibuni: Maswali na Majibu

Natumia dawa kila siku. Nisafiri nazo vipi?

Zibebe kwenye begi la mkononi. Sanduku hupotea, na huko linakowekwa kwenye ndege kunaweza kuwa na baridi kali. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Usizitoe kwenye pakiti zake zenye lebo ya jina lako. Mwombe daktari barua inayotaja ugonjwa, jina halisi la dawa wala si la kibiashara tu, kipimo kwa miligramu, na unaitumia mara ngapi kwa siku. Majina yenyewe hubadilika: salbutamol ya pumu huitwa albuterol Marekani, na paracetamol huitwa acetaminophen. Mfamasia akiona lile asilolizoea, barua ndiyo itakayokuokoa.

Kabla ya kufunga mizigo, uliza ubalozi wa nchi unakokwenda iwapo dawa yako inaruhusiwa, hasa yenye kodeini au tramadol (dawa kali za maumivu), au dawa za kutuliza akili. Japani, kwa mfano, hairuhusu kuingiza amfetamini, yaani dawa za kuchangamsha ubongo, hata ukiwa na cheti cha daktari.

Nimepata homa wiki chache baada ya kufika. Si mafua tu ya hali ya hewa mpya?

Kama umetoka eneo lenye malaria, usikubali jibu hilo kabla ya kupimwa. Daktari ambaye haoni malaria mara kwa mara huenda asiifikirie: ataona homa, maumivu ya kichwa na uchovu, akupe dawa ya kushusha homa akurudishe bwenini. Kwa hiyo sema wewe, tangu mapokezi: "Nimetoka nchi yenye malaria tarehe fulani. Naomba nipimwe malaria leo." Taja tarehe, kwa maana ndiyo anayoihitaji. Malaria ya falsiparamu, ile inayoua haraka, kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi mitatu tangu utoke eneo hilo, lakini aina nyingine hujificha kwenye ini hata zaidi ya miezi sita. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, mpaka vifike vitatu. Vimelea vikiwa vichache damuni, kipimo kimoja huvikosa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Aliyekulia kwenye malaria ana kiasi fulani cha kinga, na kinga hiyo hupungua akikaa mbali. Ukirudi nyumbani likizo baada ya mwaka mmoja au miwili, mbu anaweza kukuangusha kuliko zamani. Tumia dawa ya kinga kama mgeni, na uimalize: kwa mfano, dawa iitwayo doxycycline huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na huendelea wiki nne baada ya kuondoka huko. Wanaoacha siku wanayopanda ndege huugua chuoni, tena katikati ya mitihani.

Kwa nini chuo kinasisitiza cheti cha chanjo?

Bweni lina watu wengi wanaoishi karibu karibu, na surua huenea haraka mno mahali kama hapo. Dozi za chanjo ya surua ni mbili, zikipishana siku zisizopungua 28, kwa hiyo wiki ya mwisho kabla ya safari umechelewa. Cheti kimepotea? Kwa kawaida kuchanjwa upya hakuna madhara, ila mjamzito au mwenye kinga dhaifu aulize daktari kwanza.

Omba pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina A, C, W na Y. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa 24, na mwanzoni hufanana na mafua au uchovu wa ulevi. Angalia homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga, mikono na miguu kuwa baridi, au mtu kuchanganyikiwa. Vipele visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi vitafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Vipele visipokuwepo, usivisubiri. Mwenzako akijifungia chumbani anaumwa, gonga mlango kila baada ya saa chache.

Naweza kuchanganya parasetamoli na dawa ya mafua?

Soma kwanza orodha ya viambato, kwa kuwa dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aache angalau saa 4 kati ya dozi. Ukizidisha, nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya. Ini linaweza kuwa linaharibika siku nzima bila dalili.

Chumba ni baridi sana. Niwashe jiko la mkaa?

Hapana, hata dirisha likiwa wazi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na aliyelala haamki. Mwite mwenye nyumba atengeneze kipasha joto.

Bima yangu inalipa nini?

Uliza kwa maandishi kabla hujaugua: magonjwa uliyokuwa nayo tangu awali, meno, afya ya akili, na kama unalipa kwanza ndipo urudishiwe. Hifadhi kwenye simu namba ya dharura (112 katika Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada) pamoja na anwani yako kamili, maana ndiyo utakayoulizwa.

Nakosa usingizi, nalia, siendi darasani. Ni upweke wa ugenini tu?

Upweke wa kawaida huja na kupita, na kuna siku unacheka. Hali hiyo ikidumu wiki mbili karibu kila siku, muone mshauri wa chuo. Mazungumzo hayo ni siri. Kwa kawaida hayapelekwi kwa wazazi wala wahadhiri, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini. Nenda kabla ya mtihani: barua ya kuomba kuahirishiwa husikilizwa zaidi ikitangulia kuliko ikija baada ya kufeli. Ukianza kufikiria kujiua, usibaki peke yako. Mwite mtu chumbani sasa hivi, kisha pigeni namba ya dharura pamoja.