Nguzo za kanisa la Wies hazikuwekwa kwa kubana pesa

Kanisa la Wies, lililo kijijini karibu na Steingaden huko Bavaria, limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1983. Wageni wengi huambiwa kwamba nguzo za rangi kwenye madhabahu yake si marumaru halisi, kwa hiyo watawa waliolijengesha walikwepa gharama. La kwanza ni kweli. La pili, linalosemwa kuhusu makanisa mengi ya Baroko (mtindo wa mapambo mengi wa karne ya 17 na 18) kusini mwa Ujerumani, si kweli.

Ili kuiga marumaru, fundi alichanganya jasi, gundi ya wanyama na rangi, akakanda madonge kama ya chapati, akayakata vipande na kuvibandika juu ya kiini cha nguzo. Hapo ndipo kazi ilipoanza: kusugua kwa jiwe, kuziba vitundu, kusugua tena kwa jiwe laini zaidi, mara kadhaa, hadi kumalizia kwa mafuta au nta. Malighafi ilikuwa rahisi, lakini kwa ufundi huo gharama mara nyingi ilizidi ya marumaru ya kuchimbwa. Faida ilikuwa uhuru: fundi alijichagulia rangi na mishipa ya jiwe lake. Dominikus Zimmermann, aliyelijenga kanisa hili kati ya 1745 na 1754, mwenyewe alikuwa fundi wa jasi kabla ya kuwa mjenzi.

Anayetaka kiini macho atazame juu. Kuba lile ni mbao na lipu, limening'inizwa kwenye kenchi za paa. Kina chake kimeongezwa na mchoro wa kaka yake Zimmermann, Johann Baptist. Wepesi huo ndio ulioruhusu nguzo nyembamba na madirisha makubwa.