Jumla ya michango si pato la msanii

Wengi huamini kwamba msanii wa kujitegemea akichangisha mtandaoni, jumla inayoonekana kwenye ukurasa wake ndiyo inayoingia mfukoni. Si ajabu: jumla huandikwa kwa tarakimu kubwa, makato kwa herufi ndogo za chini kabisa.

Kwa kawaida jukwaa, yaani tovuti inayoendesha mchango, hukata asilimia yake, mara nyingi kama 5 kwa kampeni za mara moja. Kampuni inayopitisha malipo nayo hukata asilimia chache, pamoja na ada isiyobadilika kwa kila muamala. Hiyo ada ndiyo inayoumiza michango midogo. Tuseme ni senti 30. Kwenye mchango wa dola 100 haihisiki. Kwenye mchango wa dola 1, karibu theluthi imekwenda hata kabla ya asilimia kuguswa. Kwa hiyo wachangiaji 100 wa dola moja moja humwachia msanii pungufu kuliko mmoja wa dola 100, ingawa ukurasa unasoma jumla ileile.

Bado kuna kodi, zawadi alizoahidi na kadi za wachangiaji zinazogoma siku ya kulipa.

Kuhakikisha ni rahisi: fungua ukurasa wa ada wa jukwaa husika, chukua kiasi unachotaka kutoa, ondoa asilimia, kisha ondoa ada ya muamala. Soma pia kama lengo lisipofikiwa fedha hurudi kwa wachangiaji. Na kile kisanduku cha bakshishi kinachojitokeza mwishoni mwa malipo, kichunguze vizuri; mara nyingi ni cha jukwaa, si cha msanii.